Nilipelekwa kutembea Pondicherry, nikaishia matangani

Alhamisi. Durban iko na upepo leo, ule upepo wa bahari wenye kuingia ndani hata ukifunga madirisha yote na kuweka taulo chini ya mlango. Lift imekufa tena. Sisi hapa South Beach tuko floor ya tisa, na magoti yangu ni mawili tu, sina mengine ya kubadilisha. Bon, leo sishuki. Nimeamka na hasira na sitaki mtu aniulize kwa nini, juu akiniuliza nitamwambia.

Goreti, andika hivyo hivyo.

Kwa wenye kuingia hapa mara ya kwanza: mimi nasema, Goreti anaandika. Shule sikukanyaga. Goreti ni Murundi, tunakaa naye nyumba moja, chumba chake ni kile cha upande wa jikoni, na mchana anasuka nywele kwenye salon ya binti yangu Furaha. Njo yeye alinifungulia hii shajara kwenye internet. Alisema, Maman, haya maneno unanimwagia jikoni kila jioni yatapotea. Sasa iko watu wanasoma mpaka kule Lubumbashi. Wanatafuta nini kwa mwanamke mzee mwenye kulalamikia lift, mimi sijui.

Mimi na Furaha tulirudi Jumapili kutoka India. Tangu Jumapili simu inalia: Maman, India ilikuwaje? Mimi nasema ilikuwa vizuri, nyumba nzuri, chakula pilipili. Wanasema asante Mungu, una mtoto mwenye kukupenda. Nasema ndiyo.

Nimechoka kusema ndiyo.

Niliondoka hapa na furaha, nikarudi na kinyongo. Mtoto wangu alinilipia safari kwa jasho lake, alizungusha karatasi zangu miezi na miezi, kila ofisi inamwambia rudi wiki ijayo, na yeye anarudi. Halafu mimi nakasirikia zawadi. Mama gani anakasirikia zawadi? Nimejiuliza hilo kwenye ndege, usiku mzima, na wale dada wa ndege wananiletea juisi.

Nianze na muzee, juu bila muzee hakuna atakayeelewa.

Muzee wangu, Baba Furaha, alikufa mwaka jana hapa Durban. Ugonjwa haukumchukua siku nyingi. Tulimzika hapa hapa, mbali na baba zake, kwenye kilima chenye upepo. Sasa kwetu Bukavu, mume akikufa, matanga yakifika mwisho, mjane ananyolewa. Watoto wa marehemu pia wananyolewa. Inatoka yote mpaka kichwa kinang'aa, unaoga, na watu wakikuona njiani wanajua, hawakuulizi. Nywele zikianza kuota, watu wanaona na ule uchungu nao unapungua kidogo kidogo. Sisi hatuna vitabu vya kuandika, tunaandika kichwani.

Siku ya tatu walikuja mama wawili wa kwetu, na wembe mpya kwenye karatasi yake, na besheni. Furaha akawasimamisha mlangoni. Nilikuwa chumbani, niliskia. Alisema, "Mama yangu hanyolewi. Tuko Durban, si kijijini." Wale mama waliondoka na besheni yao, wakashuka ngazi za floor zote tisa, juu siku hiyo pia lift ilikuwa imekufa. Kesho yake Furaha akaniletea wigi. Nyeusi, ndefu mpaka mabegani, nywele za mtu kweli, si zile za plastiki zenye kuwasha. Akanivalisha mwenyewe mbele ya kioo.

Na hapa nitasema kitu ambacho sijasema kwa mtu.

Nilifurahi.

Niliskia mlango unafungwa nikasema moyoni, asante Yesu. Niliogopa ule wembe. Na wigi ilinipendeza, mke wa pasta alisema Mama Furaha umerudi kijana, na mimi mwenye kufiwa wiki moja nilijitazama kwenye kioo cha choo cha kanisa nikageuka upande huu na upande huu. Basi usinihurumie sana unaposoma yanayofuata. Kosa halikuwa la Furaha peke yake.

Lakini furaha ile haikukaa. Mwaka mzima nimekaa kwenye hili dirisha nikiangalia bahari na watu wenye kutembeza mbwa. Silii. Ninapika, ninasali, ninavaa wigi, ninaenda kanisani, na kila mtu ananiangalia kama mtu mwenye mume nyumbani. Wanapiga kelele, wanacheka, wananiuliza bei ya nyanya. Hakuna wa kunipisha. Mimi ni mjane asiyeonekana.

Njo Furaha akaona nakaa dirishani sana. Akasema, Maman, utaota mizizi hapo. Yeye mara mbili kwa mwaka anaenda Chennai kununua nywele za salon. Akasema safari hii tunaenda wote, nikimaliza kununua nitakupeleka kutembea kama mtalii.

Chennai sitasema mingi. Joto la kule si kama joto la Durban, lile linakukalia mapajani. Niliona nyumba ya kuweka mizigo, kubwa kama kanisa, imejaa nywele. Iko wanawake wamekaa chini wanachambua, wanafungua mafundo, wanapanga ndefu kwa ndefu na fupi kwa fupi, kama sisi tunavyochambua maharagwe. Nilimuuliza Furaha, hizi zote ni za nani? Alisema, watu wanatoa tu, Maman. Nikafikiri zile zinazobaki kwenye kitana. Nikajisemea, hawa watu wanachana sana.

Halafu tukachukua gari mpaka Pondicherry. Furaha alisema pale Wafaransa walikaa miaka na miaka, mji ni mzuri, utaskia hata Kifaransa. Alimkodisha mtu wa kututembeza, mwanaume mwembamba mwenye mwavuli mweusi, Kifaransa chake kimepigwa pasi kuliko cha padri.

Nikafungua mlango wa gari, nikashuka, nikasema, eish, nimerudi Bukavu.

Kweli. Nyumba zile zile. Ukuta mrefu wa rangi ya njano, milango ya mbao mikubwa, madirisha yenye vipande vipande vya mbao, yale maua ya zambarau yenye miiba yanaruka ukuta. Barabara nyoofu kama kamba, imeandikwa rue hii na rue ile. Polisi na kofia nyekundu ya duara, kama wale wa zamani kwetu nilipokuwa mtoto. Nilitafuta kwa macho mahali baba yangu angetokea na kikapu.

Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu, Mubeleji, Bukavu, avenue ya chini karibu na ziwa. Hizi nyumba mimi nazijua, lakini nazijua kwa mlango wa nyuma. Mbele sikuwahi kupita. Sisi tulikuwa tunakaa kwenye boyerie, kile kijumba cha nyuma kabisa ya kiwanja, cha watumishi, karibu na choo na kuku. Kwa hiyo yule wa mwavuli akisema hapa alikaa notaire, yule wa kuandika hati, pale alikaa gavana, ona hii balkoni, mimi nilikuwa naangalia pembeni natafuta njia ya kuzunguka.

Nikamuuliza kwa Kifaransa changu cha jikoni, na mpishi alilala wapi? Akasimama. Akasema, Madame, miaka yote natembeza watu, hakuna aliyeniuliza hilo. Akaanza kuonyesha na mwavuli, akasema bibi yake pia aliosha nguo kwenye nyumba kama hizi, tungeweza kuzunguka kona. Furaha akasema, "Maman, acha hiyo. Simama hapo kwenye ukuta."

Ukuta. Wapendwa, nimeuona ule ukuta. Simama kwenye ukuta wa njano. Geuka. Cheka. Weka nywele mbele ya bega. Sasa shika ua. Sasa jifanye unatembea. Mimi natembea tangu nazaliwa, leo nijifanye natembea! Ukuta wa kwanza, ukuta wa pili, ukuta wa saba. Furaha anaangalia simu, haangalii mimi, haangalii mji. Ana wateja, wanasubiri kuona wigi ya salon imefika mpaka India. Tukavuka mfereji upande wa pili, kwenye nyumba za wenyeji, na pale kila nyumba iko na baraza mbele na benchi ya kujengwa. Yule wa mwavuli akasema zamani waliijenga kwa ajili ya mpita njia, mtu asiyejulikana, akichoka akae. Nikakaa. Moyo wangu ukatulia. Nikafikiri, hapa njo mahali.

Dakika tano. Programu, Maman, programu.

Siku ya pili asubuhi mapema tulienda pwani, kabla ya jua kuchoma. Pale hakuna mchanga kama hapa kwetu, ni mawe meusi makubwa, na barabara pana ya kutembea watu. Furaha alikuwa anataka picha ya jua. Mimi goti la kushoto lilikuwa limevimba. Nikasema kaeni na jua lenu. Nikaenda polepole mbele.

Na njo nikawaona.

Basi kubwa limesimama kule mwisho. Watu wake wametandika nguo chini, wamekaa duara, labda ishirini, labda zaidi. Na wote, wote wamenyolewa. Bibi mzee kama mimi, kichwa kitupu. Wanawake vijana, kitupu. Wanaume. Watoto mpaka mmoja wa kubebwa. Na juu ya vile vichwa wamepaka kitu cha njano kama udongo. Kwetu tunapaka majivu, nikasema, hawa wanapaka udongo.

Nikasimama pale pale.

Wahindi wa Durban nimewazoea, kila wiki nanunua viungo kwao, lakini sijawahi kuona mwanamke wao amenyolewa. Sasa ukoo mzima hivi? Nikasema hapa kumekufa mwenye nyumba. Hapa kumekufa mtu mkubwa sana. Na wako njiani, mbali na kwao, wanakula chakula cha matanga chini kwenye barabara, na watalii wanapita wanakula biskuti.

Wewe ungepita? Kwetu hupiti. Hata kama ni kilio cha adui, unakaa. Nikavua viatu. Nikasogea mpaka ukingo wa nguo yao, nikashuka chini kidogo kidogo na hili goti, nikanyoosha miguu mbele kama tunavyokaa sisi wanawake kwenye matanga, nikaweka mkono kichwani. Na nikaanza kulia.

Nilitaka kulia kidogo, kwa heshima. Yale ya kusalimia msiba.

Sauti iliyotoka siijui. Ilitoka chini, chini kabisa, na haikusimama. Nikaskia nataja jina la muzee wangu. Namwita. Namuuliza kwa nini aliniacha floor ya tisa. Nilimwambia juu ya lift, Mungu wangu, nilimlilia muzee habari ya lift mbele ya watu wa India. Kamasi, machozi, kila kitu.

Wale watu wakaacha kula. Halafu msichana mmoja akashika mkono wangu. Mwanaume akaleta maji. Yule bibi mzee akajivuta mpaka pembeni yangu, akanikumbatia mgongo, akaanza kunipepea na pindo la nguo yake, anasema maneno, sijui maneno gani, lakini ile sauti naijua. Njo ile ya kubembeleza. Kumbe wao walifikiri mimi njo nimefiwa.

Na kweli, mimi njo nilikuwa nimefiwa.

Wakanipa wali kwenye jani, wa njano, mchachu, na karanga ndani. Nikala. Mwaka mzima chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni, pale nilikula nikalamba vidole.

Furaha akatokea mbio, na yule wa mwavuli nyuma yake. Uso wa Furaha sitausahau. Alifikiri nimeanguka. Yule wa mwavuli akauliza, wakamjibu wote kwa pamoja, na akaanza kucheka, halafu akajizuia juu ya adabu. Akaeleza. Hakuna aliyekufa. Hawa wametoka kwenye hekalu lao. Yule mtoto wa kubebwa alizaliwa mgonjwa, ukoo mzima ukaweka nadhiri kwamba akipona watatoa nywele zao zote. Amepona. Wamenyoa. Sasa wametembea kuona bahari, wanafurahi. Ile ya njano ni ya mti unaonukia, inapoza ngozi ya kichwa.

Furaha akasema kwa sauti ya chini, "Maman, unanitia haya. Umelia kwenye sherehe ya watu."

Mimi nilikuwa bado nimeshika jani. Ningefanya nini? Nikacheka. Na yule bibi, alipoelezwa kwetu kichwa kitupu ni kilio, naye akacheka mpaka akashika tumbo, akapiga kichwa chake na kiganja, pa, kama anapiga tikiti. Watoto wakafanya vile vile, pa pa pa. Halafu akaacha kucheka. Akauliza, kupitia kwa yule wa mwavuli, nimefiwa na nani? Nikasema mume. Akashika nywele zangu, hizi za wigi, akazipitisha kwenye vidole mpaka mwisho. Akasema kitu, akaonyesha yule msichana aliyenishika mkono.

Yule wa mwavuli hakutaka kutafsiri. Nikamwambia sema, Monsieur.

Akasema, "Anasema ni nzuri, kama za mjukuu wake mpaka juzi."

Nikamtazama Furaha. Furaha akatazama mawe.

Nyumba ile ya Chennai ikanirudia. Watu wanatoa tu, Maman. Hapana, hawatoi tu. Mtu alipiga magoti akatoa hizi kwa ajili ya mtoto wake, au kwa ajili ya mume wake, na mimi nimezivaa mwaka mzima ili watu wasijue nimefiwa. Wao wanatoa kuonyesha, mimi nimevaa kuficha. Sikusikia hasira kwanza, nilisikia joto. Nikaivua. Nikaiweka kwenye mapaja kama kuku aliyelala. Chini yake iko mvi zangu, nyembamba, zimelala, zimesukwa vibaya juu hakuna anayeziona. Yule bibi akaweka kiganja juu. Kilikuwa cha baridi, na kinanukia ule mti.

Furaha akainama, akaichukua wigi mapajani mwangu, akanivalisha tena pale pale mbele ya watu. Kwa nguvu. Kile kitana kidogo cha ndani ya wigi kilinikwaruza hapa juu ya sikio. "Vaa, Maman. Gari inangoja."

Gari haikuwa inangoja. Gari ilikuwa yetu.

Nimezaa watoto watano, nimevuka mipaka na vitu kichwani, nimelala kwenye vituo vya polisi na ofisi za wakimbizi. Hakuna aliyenishika kichwa namna ile. Njia yote mpaka Chennai sikufungua mdomo, na wenye kunijua wanajua hiyo ni ugonjwa. Jioni akanionyesha picha. Mimi na ukuta. Mimi na ukuta. Mimi na ua.

Hiyo njo hasira yangu. Nimeibeba kwenye ndege mbili mpaka hapa dirishani.

Jumatatu nilimwambia Goreti aninyoe. Goreti, usiruke hapo, andika. Yeye anajua kazi, mkono wake mwepesi. Akaweka sufuria chini. Akasema, "Maman, dada Furaha atanifukuza. Nina watoto wawili Bujumbura wanakula kwenye huu mkono." Nikaona aibu. Nilitaka kupigana na binti yangu kwa mkono wa mtu mwingine. Samahani Goreti. Hiyo pia andika.

Jumanne nilitaka kwenda kwa kinyozi, lift ikakataa. Jumatano nikasema nitajinyoa mwenyewe, mikono inatetemeka, ningejikata sikio. Unaona? Mji mzima wa salon, na mjane hana wa kumnyoa.

Leo asubuhi, kwa sababu ya upepo, nilikuwa natafuta gazeti la kuziba dirisha. Nikafungua droo ya muzee, ambayo sifungui. Na nikakumbuka kitu ambacho ile hasira ilikuwa imekifunika.

Pale pwani, tulipokuwa tunaondoka, Furaha ananivuta mkono, mtoto mmoja wa wale, wa miaka mitano hivi, alimshika kidole. Furaha akasimama. Akaweka mkono juu ya kile kichwa chenye udongo wa njano. Nilifikiri atauondoa. Hakuuondoa. Aliuacha pale, na mimi juu ya hasira yangu nikaona na sikuona.

Juu nani alikuwa anamnyoa Furaha akiwa mtoto? Baba yake. Bukavu, shule walikuwa wanataka wasichana nywele fupi, na sisi hatukuwa na pesa za kupeleka kwa kinyozi. Kila Jumamosi jioni muzee anaweka kibao uani, sabuni, wembe, anawaita mmoja mmoja. Furaha njo alikuwa analia kuliko wote. Anasema nikikua hakuna mtu ataninyoa tena, nitakuwa na nywele mpaka kiunoni. Baba yake anacheka, anampuliza shingo kutoa vinywele, anambusu juu ya kichwa kitupu, anasema, nenda, yai langu. Alimwita hivyo. Yai langu. Mpaka hospitali alimwita hivyo, na yeye mwanamke mkubwa mwenye salon na wafanyakazi.

Siku ile mlangoni, na wale mama na wembe. Mjane akinyolewa, watoto pia wananyolewa. Mimi mwaka mzima nilifikiri alikuwa ananikataza mimi.

Furaha hajalia. Nimefikiria sana leo, siku yote nimezunguka hii meza. Hakulia hospitali, hakulia kwenye kilima. Alipiga simu, alipanga viti, aliagiza sanduku, alilipa, alinivalisha wigi. Halafu akaanza kukimbia, na hajasimama. Ukuta wa kwanza, ukuta wa saba.

Furaha, najua unasoma hapa. Goreti ameniambia unasomaga kwenye robot, zile taa za barabarani, ukiwa unarudi kwako Berea, na watu wanakupigia honi nyuma. Usisome kwenye robot, utagonga mtu. Simama pembeni.

Bado nimekukasirikia. Sitasema uongo. Hapa juu ya sikio bado panauma, na ukinigusa tena hivyo mbele ya watu nitakuonyesha kwamba huu mkono wa mzee unajua njia ya kofi. Na zile picha za ukuta usizitie kwenye salon, naonekana kama mtu anayesubiri basi. Lakini nimekuwa nikikungoja uniambie pole, na wewe hakuna aliyekuambia pole. Watu walikuja kunipa pole mimi, wewe ukawapa soda.

Jumapili baada ya kanisa, njoo peke yako. Usilete chakula. Kiti kidogo nimekiweka kwenye balkoni, upepo ukitulia. Wigi nimeiosha, iko kwenye mfuko, tutaongea ni ya kufanya nini. Mimi sitamwomba Goreti, sitaenda kwa kinyozi, sitatafuta wale mama na besheni. Wewe njo utaninyoa. Wewe kunyolewa au kutonyolewa, hiyo yako, sitauliza. Kama utakuja ukasema hapana mlangoni, je, nitafanya nini? Hilo sijui. Pengine nitakaa kwenye kile kiti tu na kuangalia mbwa.

Kwenye droo ya baba yako nilikuta mashine yake ya ndevu. Nimeichaji tangu asubuhi, ile taa yake ndogo imekuwa ya kijani. Kwenye meno yake bado iko nywele zake tatu, nne, nyeupe.

Sijazipuliza. Nimekuachia wewe.